Kutafuta nyaraka katika Taasisi ya Leo Baeck ukiwa nyumbani: mwongozo kamili kwa anayeanza

Wanaoniomba msaada wa kutafuta habari za Wayahudi wa Ujerumani karibu wote wameanzia pabaya. Wamefungua katalogi, wakaandika neno pana kama "wakimbizi" au "Hitler", wakamwagiwa majibu hadi wakachoka, wakafunga kompyuta. Siwalaumu, maana hata mimi nilianza hivyo. Lakini hifadhi hii haikupangwa kwa mada. Imepangwa kwa masanduku ya watu. Fulani alikimbia na sanduku lake, akafia ughaibuni, watoto wakazileta karatasi zake, nazo zimekaa pamoja chini ya jina lake mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote jiulize: karatasi ninayoitaka ilibaki mikononi mwa nani?

Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na swali hilo. Hazilingani kwa urefu, kwa sababu hazilingani kwa ugumu.

Hatua ya kwanza: bisha hodi mlango sahihi

Taasisi ya Leo Baeck iliasisiwa mjini Yerusalemu mwaka 1955 na wasomi waliokuwa wamenusurika, miongoni mwao Martin Buber, Gershom Scholem, Hannah Arendt na mhariri Robert Weltsch. Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi wapatao 500,000. Zaidi ya nusu waliwahi kuondoka, na wasiopungua 160,000 waliuawa. Waasisi waliona jamii yao ya kale imekwisha, na kwamba kilichobaki ni kukusanya kumbukumbu zake kabla wenyewe hawajafariki. Miaka sabini imepita na masanduku bado yanaletwa.

Jina ni la rabi Leo Baeck, aliyezaliwa Lissa mwaka 1873. Tangu 1933 ndiye aliyeongoza chombo kilichowawakilisha Wayahudi mbele ya serikali ya Nazi. Alipata nafasi za kuondoka akazikataa, akisema atabaki na watu wake. Januari 1943 akapelekwa kambi ya Theresienstadt, akiwa na miaka karibu sabini, akatoka hai. Alikuwa rais wa kwanza wa taasisi hii, akafariki London mwaka 1956.

Taasisi ina vituo vitatu, na hapo ndipo watu huchanganya mambo. Cha London ndicho kilichotoa kitabu cha mwaka cha makala za kitaaluma tangu 1956. Cha Yerusalemu hufanya utafiti, mihadhara na uchapishaji. Nyaraka zenyewe na maktaba kubwa viko New York, namba 15 West 16th Street, Manhattan, ndani ya jengo la Center for Jewish History ambalo taasisi hii inalitumia pamoja na asasi nyingine nne. Ukitafuta barua ya mtu, mlango wako ni New York. Aliye Ujerumani anaweza pia kwenda Makumbusho ya Kiyahudi ya Berlin, ambako tangu 2001 kuna tawi lenye nakala za sehemu kubwa ya nyaraka hizo.

Jambo moja la kujua mapema: hii si hifadhi ya Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, peke yake. Humo mna vitabu vya hesabu vya maduka, barua za watoto waliopelekwa shule za bweni, mashairi ya kuchekesha yaliyosomwa arusini, nishani za askari. Wayahudi wapatao 100,000 walivaa sare ya jeshi la Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na 12,000 hivi walikufa vitani. Ukiingia ukitafuta vifo tu, utazipita karne kadhaa za maisha bila kuzigusa.

Hatua ya pili: andika majina yote, kisha uandike tena

Hii ndiyo hatua ninayoishikilia kuliko zote. Chukua karatasi halisi na kalamu, si simu.

Tuchukue mtu anayejulikana kwetu. Mwaka 1840, katika mji wa Oppeln, alizaliwa mtoto aliyeitwa Isaak Eduard Schnitzer, wa familia ya Kiyahudi. Baba akafariki, mama akaolewa na Mkristo, mtoto akabatizwa. Akasomea udaktari, akaenda kutumika katika dola ya Uturuki, akachukua jina la Mehmed Emin, kisha akawa gavana wa Ikwetoria kusini mwa Sudan. Sisi tunamjua kama Emin Pasha, yule aliyefika Bagamoyo Desemba 1889 pamoja na Stanley, akaanguka kutoka ghorofani usiku wa karamu ya kumpokea. Mwaka uliofuata akiwatumikia Wajerumani alianzisha kituo cha Bukoba, na Oktoba 1892 akauawa Kongo.

Sasa hesabu. Schnitzer, Eduard. Schnitzer, Isaak. Emin Pasha. Emin Pascha, kwa sababu ndivyo Wajerumani wanavyoandika. Mehmed Emin. Mtu mmoja, njia tano za kumkosa. Tena aliyebatizwa usimwondoe kwenye orodha: taasisi hukusanya pia habari za koo za Kiyahudi zilizobadili dini. Bernhard Dernburg, mkuu wa wizara ya makoloni ya Ujerumani aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1907, alitoka ukoo wa namna hiyo.

Kuna mitego mingine mitatu ya majina. Wa kwanza ni wa kisheria. Kwa amri ya Agosti 1938, iliyoanza kutumika Januari 1939, kila Myahudi wa Ujerumani ambaye jina lake halikuwa katika orodha ya majina "ya Kiyahudi" alilazimishwa kuongeza Israel akiwa mwanamume na Sara akiwa mwanamke. Ukiona pasipoti ya "Ruth Sara" fulani usidhani mama yake ndiye aliyemwita Sara. Tafuta bila hilo jina kwanza.

Wa pili ni wa uhamishoni. Aliyefika Uingereza au Marekani mara nyingi alikata jina lake likawa fupi au akalifanya la Kiingereza. Herufi zenye nukta juu ndizo za kwanza kuumia: ü huandikwa ue, au hubaki u tupu. Jaribu zote.

Wa tatu ni wa wanawake. Tafuta kwa jina la mume na kwa jina la kwao. Wajerumani huandika "geb." kabla ya jina la ukoo alikozaliwa mtu, na vifupi hivyo vya herufi tatu vimenifungulia milango mingi kuliko injini yoyote ya kutafutia.

Hatua ya tatu: majina ya mahali, kwa tahajia yao

Miji mingi ya wazee hawa leo haiko Ujerumani. Breslau ni Wrocław, Posen ni Poznań, Oppeln ni Opole, na Lissa alikozaliwa Baeck ni Leszno, yote Poland. Königsberg ni Kaliningrad, Urusi. Katalogi mara nyingi huandika jina la zamani na la sasa, lakini mwenye barua alijua lake moja tu.

Vivyo hivyo kwa upande wetu. Kijerumani huandika Kenia, Sansibar, Tanganjika, Daressalam, Deutsch-Ostafrika. Ukiandika "Zanzibar" pekee unatafuta kwa sikio la Mwingereza. Na meli! Kampuni ya meli ya Kijerumani iliyokuwa ikija Mombasa na Dar es Salaam ilizipa meli zake majina ya huku: Usaramo, Ussukuma, Ubena, Wangoni. Wakimbizi wengine wa mwaka 1938 na 1939 walisafiri kwa meli hizo. Ukikuta katika barua kwamba mjomba "yuko kwenye Usaramo", hayuko Kisarawe bado. Yuko baharini, na una njia nyingine ya kumfuatilia: orodha ya abiria.

Hatua ya nne: soma namba kabla ya kusoma kichwa

Ingia katalogi ya pamoja ya Center for Jewish History, kisha chuja majibu yabaki ya Leo Baeck tu, maana bila hivyo utaletewa vitu vya asasi zote tano. Kuna pia kichujio cha vitu vilivyokwisha kuskaniwa. Tangu 2012 taasisi imeweka hifadhi yake ya kidijitali, DigiBaeck, ambayo ni mamilioni ya kurasa, bure, bila kujiandikisha. Nyingi zimewekwa pia kwenye Internet Archive, ambako unaweza kuzipakua.

Nyaraka nyingi zina namba yenye herufi mbili mbele. AR ni mkusanyo wa nyaraka: barua, vyeti, picha, chochote. ME ni kumbukumbu za maisha ambazo mtu aliziandika mwenyewe, na ziko zaidi ya 2,000. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuanza na ME. Nyingi zimepigwa taipureta, zina mwanzo na mwisho, na baadhi ni za Kiingereza kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya wajukuu. Ukizisoma tatu au nne za mji mmoja utaanza kuzijua familia za mji huo, nani alioa kwa nani, na hapo AR hazitakutisha tena.

Tahadhari ya mfuko: folda moja iliyoskaniwa inaweza kuwa na mamia ya kurasa na kumeza bando lako lote. Soma mtandaoni ukurasa kwa ukurasa kwanza. Ukiridhika, pakua usiku kwa bando la usiku.

Hatua ya tano: mwongozo wa mkusanyo

Kila mkusanyo mkubwa wa AR una mwongozo wake ulioandikwa na mtunza nyaraka. Watu huuruka wakimbilie picha. Usiuruke. Una historia fupi ya familia, maelezo ya namna karatasi zilivyofika, na orodha ya maboksi na folda. Hapo ndipo unapojua kwamba boksi la 1 ni la babu na boksi la 4 ni la shangazi aliyeolewa kwingine, na kwamba unayemtaka amejificha humo humo kwa shangazi.

Soma hasa sehemu inayoeleza nani alitoa mkusanyo. Mtoaji alichagua cha kutoa na cha kubaki nacho. Mara nyingi barua za mapenzi hazipo na risiti za kodi zipo zote, na wakati mwingine ni kinyume.

Hatua ya sita: kuusoma mwandiko

Hapa ndipo wengi huacha. Hata anayejua Kijerumani vizuri akifungua barua ya mwaka 1890 anaona seng'enge tupu. Huo ni mwandiko wa Kurrent. Shuleni uliingizwa mtindo wake rahisi zaidi, Sütterlin, kuanzia Prussia mwaka 1915, mpaka serikali ya Nazi ilipoipiga marufuku miandiko ya namna hiyo mwaka 1941.

Herufi e ndiyo mchawi wa kwanza: ina vijiti viwili vilivyobanana, kama n iliyokondeana. Herufi u inafanana na n pia, kwa hiyo mwandishi huiwekea kikombe kidogo juu. Ukiona mstari mfupi juu ya m au n, ujue herufi hiyo isomwe mara mbili. Herufi h ina kitanzi juu na kingine chini. Mimi nilikaa wiki nzima nikimfuatilia mtu ambaye hakuwahi kuishi, kwa sababu nilisoma e zake zote kuwa n. Dawa niliyoipata ni hii: usianze na katikati ya barua. Anza na tarehe na mji pale juu, kisha saini, kisha "Liebe" au "Lieber" ya kumwita mpokeaji. Maneno hayo unayajua yalivyo, kwa hiyo yanakupa herufi kumi za uhakika. Zichore kwenye daftari, ujenge alfabeti ya mwandishi huyo mmoja. Wa pili atakuwa na yake.

Siku hizi kuna programu ya Transkribus inayosoma miandiko hiyo kwa mashine. Itumie, ila hakiki majina na tarakimu kwa macho yako mwenyewe. Vitabu na magazeti ya Fraktur, chapa ya zamani ya Kijerumani, yana shida yake: s ndefu ya katikati ya neno hufanana na f, na kompyuta hukosea. "Reise", yaani safari, inaingia katika maandishi ya kutafutika kama "Reife", yaani kukomaa. Unapotafuta gazeti la zamani na hupati kitu, badilisha s iwe f ujaribu tena. Inachekesha, lakini huzaa matunda.

Hatua ya saba: jua karatasi za kuondoka zilivyo

Familia iliyokimbia kati ya 1933 na 1939 iliacha aina zilezile za karatasi, na ukizizoea utazitambua hata bila kusoma kila neno.

Ya kwanza ni karatasi ya kodi ya kuikimbia nchi, Reichsfluchtsteuer. Iliwekwa mwaka 1931, kabla ya Wanazi, kuzuia matajiri wasihamishe fedha. Wanazi wakaigeuza chombo cha unyang'anyi: robo ya mali ya anayeondoka. Bila cheti cha kuonyesha kwamba hudaiwi kodi, hupati kuondoka.

Ya pili ni pasipoti yenye herufi J nyekundu, iliyoanza kugongwa Oktoba 1938.

Ya tatu ndiyo inayonishika koo kila ninapoikuta: orodha ya vitu vya kuhama. Mwenye nyumba alitakiwa kupiga taipureta kila kitu atakachobeba na kukigawa kwa mafungu, vya kabla ya 1933, vya baadaye, na vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari. Vijiko sita. Mashuka kumi na mawili. Suruali moja ya kuteleza kwenye theluji. Pembeni kuna alama za penseli za afisa wa forodha, tiki, tiki, na mahali pengine mstari wa kukata. Kama familia ilikuwa inakuja Kenya, tazama fungu la tatu: chandarua, kofia ngumu ya jua, majembe. Fungu hilo linakuambia walichoambiwa kuhusu kwetu kabla hawajafika.

Ya nne ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa wakati wa vita. Fomu ndogo, maneno yasiyozidi 25, na jibu huandikwa nyuma ya karatasi hiyohiyo. Tazama tarehe mbili, ya kutuma na ya kujibu, ambazo mara nyingi hupishana kwa miezi. Neno la kuogopa ni "Reise" au "verreisen", kusafiri. Mzazi anapoandika mwaka 1942 kwamba "tunasafiri", mara nyingi anaaga. Ndiyo njia aliyoachiwa ya kusema kwamba wanahamishiwa kambini.

Hatua ya nane: toka nje ya taasisi

Hifadhi moja haikamilishi mtu. Magazeti ya Kiyahudi ya Kijerumani yako bure katika Compact Memory ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Gazeti la Aufbau, lililoanzishwa na klabu ya Wayahudi wa Kijerumani New York mwaka 1934, limeskaniwa na Leo Baeck yenyewe. Baada ya vita lilichapisha orodha za walionusurika na matangazo ya watu wanaotafutana, kwa hiyo usilisome kwa ajili ya makala peke yake. Kwa waliouawa, tumia kitabu cha ukumbusho cha hifadhi ya taifa ya Ujerumani na nyaraka za Arolsen, hifadhi ya Ujerumani ya habari za walioteswa na Wanazi.

Kwa waliofika Afrika Mashariki, nusu ya habari iko Nairobi. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya Kiingereza nchini Kenya iliwakamata wanaume wenye uraia wa Ujerumani, wakiwemo wakimbizi Wayahudi, kama raia wa adui, kisha wengi wao wakaachiwa. Karatasi za aina hiyo ni za serikali, si za familia, basi zitafute katika Hifadhi ya Taifa ya Kenya na ile ya Uingereza huko Kew. Umeona sasa swali letu la mwanzo linavyofanya kazi: barua aliitunza binti, faili aliitunza karani.

Hatua ya tisa: kumwandikia mtunza nyaraka

Fanya hivi ukiwa umemaliza zilizotangulia. Andika kwa Kiingereza au Kijerumani, mistari isiyozidi kumi. Taja majina yote uliyoyaorodhesha, mji, miaka, namba za AR au ME ulizokwisha kupitia, na swali moja. Ukiuliza maswali sita utajibiwa jepesi kuliko yote. Usiombe wakutafutie ukoo wako mzima. Waombe wakuambie boksi lipi ufungue. Ukifanikiwa kwenda mwenyewe, agiza vitu mapema, nenda na penseli, maana kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea.

Kila unachokipata kiandike papo hapo kwa mpangilio huu: waraka na tarehe yake, jina la mkusanyo, namba ya AR, boksi, folda, jina la taasisi. Ukiiacha folda "nitaikumbuka", hutaikumbuka. Na kuchapisha picha ya waraka kunahitaji ruhusa, hata kama umeipakua bure.

Ikiwa karatasi unazo wewe

Kuna nyumba za Nairobi, Nakuru na Arusha ambako bado kuna sanduku lililoachwa na familia fulani ya Kijerumani iliyouza shamba ikaondoka. Kama unalo, usipange upya barua kwa tarehe. Mpangilio uliozikuta nao ni habari. Usitumie selotepu wala pini. Ziondoe kwenye mifuko ya nailoni, uziweke katika bahasha za karatasi mbali na ukuta wenye unyevu. Picha ziandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini: nani, wapi, na nani kakuambia. Kisha mwandikie mtunza nyaraka wa New York kwa mistari ileile kumi, ukiambatanisha picha ya simu ya bahasha ya juu kabisa, upande wenye stempu na anwani.